Louis Braille: Mwalimu Asiyeona na Walimu Wasiotaka Kujifunza

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki, Braille ni jina la maandishi kuliko jina la mtu. Tunasema breli, au nukta nundu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, na aghalabu hatukumbuki kwamba nyuma ya nukta hizo palikuwa na mtoto wa fundi wa ngozi, mwanafunzi wa bweni, mwalimu na mpiga kinanda wa kanisa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtu huyo, kwa kutilia mkazo jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Maandishi ya Braille yalikuwa tayari mwaka 1824. Hata hivyo, nchi yake mwenyewe haikuyatambua rasmi hadi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Miaka hiyo 30 haikupotea kwa sababu ya ubovu wa maandishi wala uvivu wa wanafunzi. Ilipotea kwa sababu baadhi ya walimu na wakuu walioona hawakutaka kujifunza. Tunaamini kuwa wahadhiri wetu, na sisi tunaotarajia kuwa wahadhiri kesho, tuna jambo la kuchota katika kisima hicho.

Karakana ya Coupvray

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki ya jiji la Paris, nchini Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne wa Simon-René Braille na mkewe Monique. Baba alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi.

Msomaji aliyewahi kupita Gikomba, upande wa mafundi wa viatu, anaijua karakana ya namna hiyo: vipande vya ngozi vimetapakaa chini, visu vya kukatia vimelazwa juu ya ubao, na msharasi, yaani kile chuma chenye ncha kali na mpini wa mti, uko mkononi mwa fundi ukitoboa njia ya uzi. Anajua pia kwamba mtoto wa fundi huchezea papo hapo miguuni pa mzazi, kwa kuwa hapana mahali pengine pa kumwacha.

Mwaka 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, alitwaa chombo kimojawapo cha babake akaigiza kazi ya kutoboa ngozi. Chombo kiliteleza kikamchoma jichoni. Jicho lile liliingia usaha, na maradhi yakaenea hadi jicho la pili. Enzi hizo hapakuwa na dawa za kuua viini vya ugonjwa. Alipotimu miaka mitano, alikuwa haoni kabisa.

Shule ya Kijiji

Wazazi wake hawakumficha ndani, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwa familia ya kijijini ya wakati ule. Walimpa kazi za nyumbani kama watoto wengine na kumzoesha kutembea kwa fimbo. Padre wa kijiji, Jacques Palluy, alianza kumfundisha mwenyewe. Kisha akamwendea mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee mtoto huyo darasani, naye akakubali. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha Bécheret kufanya hivyo.

Louis aliketi miongoni mwa watoto wenye kuona, akasikiliza, akahifadhi kwa moyo, na akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alibaki mikono mitupu. Walipoambiwa waandike, yeye alingoja. Hapo ndipo tunapoona tofauti baina ya mambo mawili ambayo hata leo huchanganywa: kumpokea mwanafunzi darasani ni jambo moja, na kumwezesha kujifunza humo ni jambo lingine. Bécheret alifanya la kwanza kwa moyo mwema. La pili hakuwa na ujuzi nalo, wala hapakuwa na mtu wa kumpa ujuzi huo.

Paris na Vitabu Vizito

Kwa msaada wa padre na wa kabaila mmoja wa kijiji hicho, Louis alipata ufadhili wa kujiunga na taasisi ya kifalme ya vijana wasioona jijini Paris. Aliingia tarehe 15 Februari 1819, akiwa na umri wa miaka kumi. Taasisi hiyo ilikuwa imeasisiwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780, nayo ilikuwa shule ya kwanza ya aina yake. Jengo lake lilikuwa kuukuu lenye unyevu, na afya za wanafunzi wengi ziliharibikia humo.

Haüy, ambaye alikuwa mtu mwenye kuona, alibuni vitabu ambamo herufi za kawaida za Kirumi zilichapwa zikainuka juu ya karatasi ili zipapaswe kwa vidole. Kwa hakika hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa iliuthibitishia ulimwengu kwamba asiyeona anaweza kusoma. Hata hivyo, vitabu hivyo vilikuwa vikubwa, vizito, ghali na vichache mno. Kidole kililazimika kufuata kila mkunjo wa kila herufi, hata msomaji akafika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa herufi hizo. Yalikuwa maandishi ya kusomwa tu, yaliyochaguliwa kwa sababu yalieleweka kwa macho ya walimu.

Kutoka Nukta Kumi na Mbili hadi Sita

Mwaka 1821 taasisi ilionyeshwa mbinu mpya iliyobuniwa na Charles Barbier. Badala ya mistari, Barbier alitumia nukta zilizoinuka, na badala ya herufi, aliwakilisha sauti. Wanafunzi walitambua mara moja kwamba vidole vinazisoma nukta kwa wepesi kuliko mistari. Lakini kila alama ilijengwa kwa nukta zinazofikia 12, nyingi kuliko zile ambazo ncha ya kidole inaweza kuzifunika kwa mguso mmoja. Isitoshe, mbinu hiyo haikuwa na tahajia, vituo vya uandishi, tarakimu wala muziki. Mtu angeweza kuandika ujumbe, lakini asingeweza kusoma fasihi wala hisabati.

Braille alizieleza kasoro hizo angali kijana mdogo, na masimulizi ya maisha yake yanasema kwamba Barbier hakuyapokea mapendekezo hayo kwa wepesi. Alikuwa ameandaa chombo kwa ajili ya watu ambao hakuwahi kuwauliza wanahitaji nini. Alidhani asiyeona anahitaji njia ya kuwasiliana tu, ilhali kijana aliyesimama mbele yake alitaka kuandika kila ambacho mwenye kuona huandika.

Basi Braille akaifanya kazi hiyo mwenyewe, usiku bwenini na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa ameikamilisha. Alizipunguza nukta zikawa sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu, umbo linaloenea kikamilifu chini ya ncha ya kidole. Sita hizo huzaa michanganyiko 63, inayotosha herufi, vituo, tarakimu na noti za muziki.

Mpango wake una mantiki ambayo mwanaisimu yeyote ataifurahia. Herufi kumi za mwanzo hutumia nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile, zikiongezewa nukta moja ya chini kushoto. Kundi la tatu huongezewa nukta zote mbili za chini. Kwa hivyo a ni nukta moja ya juu kushoto. Iongezee nukta ya chini kushoto, nayo ni k. Ongeza na ya chini kulia, nayo ni u. Herufi w pekee haifuati utaratibu huo, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, nayo iliongezwa baadaye. Sisi wa Kiswahili, ambao hatuwezi kusema watu, mwalimu wala mwanafunzi bila ya w, tuna sababu ya kumshukuru aliyeiongeza.

Mwaka 1829 Braille alichapisha kitabu cha kuueleza mfumo wake, na toleo lililoboreshwa likafuata mwaka 1837. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa zile zile herufi za Kirumi zilizoinuka, kwani bado hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi rasmi ya shule.

Mwalimu Braille

Mwaka 1828 Braille alifanywa mwalimu msaidizi katika taasisi ile ile, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili pamoja na wenzake wawili wasioona, Gauthier na Coltat. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu na muziki. Siku za ibada alipiga kinanda makanisani jijini Paris. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mpole, mwenye maneno machache na mkono mkunjufu kwa wanafunzi maskini.

Ipo kazi yake nyingine isiyojulikana sana, nayo ndiyo inayodhihirisha upana wa fikra zake. Mfumo wa nukta sita uliwawezesha wasioona kuandikiana wao kwa wao, lakini mama yake mwanafunzi kule kijijini, mwenye macho, asingeweza kuisoma barua ya mwanawe. Mwaka 1839 Braille alitangaza mbinu ya kuchora herufi za kawaida kwa kupanga nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia mwenye kuona. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akaunda mashine ya kuirahisisha kazi hiyo.

Tuzingatie maana ya jambo hili. Mtu asiyeona alijenga daraja la kuwafikia wenzake, kisha akajenga la pili la kuwafikia wenye macho. Walimu wengi walioona hawakuwa wamejenga hata moja, na punde si punde hata hilo la kwanza lilivunjwa.

Marufuku

Mkurugenzi Alexandre-René Pignier, aliyeingia mwaka 1821, alikuwa ameruhusu nukta za Braille zitumike. Mwaka 1840 aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na aliyekuwa naibu wake, Pierre-Armand Dufau. Mkuu huyo mpya alipendelea aina nyingine za herufi za Kirumi zilizokuwa zikitumika ng'ambo, akapiga marufuku mfumo wa Braille. Wasimulizi wengi wanaeleza kwamba vitabu vya zamani vya shule viliteketezwa kwa moto, na wanafunzi wakanyang'anywa vifaa vya kuandikia nukta.

Dufau hakuwa mtu katili, wala hoja zake si ngeni masikioni mwetu. Alishikilia kwamba maandishi ya peke yao yangewatenga wasioona na jamii, na kwamba walimu walioona wasingeweza kuyasoma. Kwa maneno mengine, kwa kuwa mwalimu hakujua, mwanafunzi alipaswa kuacha. Hakuna aliyefikiri kwamba tatizo lingeweza kutatuliwa kwa njia ya pili, yaani mwalimu ajifunze. Alama 63 si mzigo mkubwa kwa mtu mzima aliyesoma, na mwenye macho anaweza kuzisoma kwa macho bila hata kuzigusa.

Wanafunzi hawakutii. Waliendelea kuandika kwa siri, kwa chochote chenye ncha walichokipata, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Maandishi ya Braille yaliishi miaka hiyo bwenini, si darasani.

Guadet Abadili Mawazo ya Mkuu

Mabadiliko yaliletwa na mtu mwenye kuona. Joseph Guadet, naibu wa Dufau, aliwatazama wanafunzi na kutambua kwamba wale walioandika kwa nukta walifanya kwa dakika chache kazi ambayo mfumo rasmi uliwachukulia muda mrefu. Alijifunza, akaridhika, kisha akamwendea mkubwa wake na kumshawishi.

Tarehe 22 Februari 1844 taasisi ilizindua jengo lake jipya. Mbele ya wageni waheshimiwa, mfumo wa Braille ulielezwa hadharani na wanafunzi wakaonyesha jinsi unavyofanya kazi, huku Dufau, yule yule aliyeupiga marufuku, akiwa mwenyeji wa sherehe. Guadet aliandika pia maelezo kuhusu mfumo huo na kumpa Braille haki yake kama mbunifu. Braille mwenyewe alikuwepo, lakini kifua kikuu kilichomwandama tangu katikati ya miaka ya 1830 kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha.

Kifo na Baada ya Kifo

Louis Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Inasimuliwa kwamba aliacha kasha dogo na agizo kwamba lichomwe bila kufunguliwa. Marafiki walishindwa na udadisi, wakalifungua, wakakuta ndani hati za madeni za wanafunzi aliowakopesha fedha. Hakutaka wadaiwe baada ya kufa kwake.

Mwaka 1854 Ufaransa iliutambua rasmi mfumo wake. Mwaka 1878 kongamano la kimataifa jijini Paris liliupendekeza utumike kila mahali. Wazungumzaji wa Kiingereza, hasa Marekani, waliendelea kuvutana juu ya mifumo tofauti ya nukta hadi walipoafikiana mwaka 1932. Mwaka 1952, karne moja baada ya kifo chake, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Kijiji cha Coupvray kilibaki na mikono yake, ile iliyosoma. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huadhimisha siku yake ya kuzaliwa, 4 Januari, kuwa siku ya breli duniani.

Nukta Sita Afrika Mashariki

Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946, na kutoka hapo na shule zilizofuata wametoka wanasheria, walimu na watumishi wa umma. Kiswahili, kwa kuwa kinaandikwa kwa hati ya Kirumi, kiliingia katika nukta hizo bila taabu kubwa. Taasisi ya elimu maalumu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1986 ili kuwaandaa walimu. Uganda nayo ilikuwa na taasisi ya namna hiyo, iliyounganishwa na nyingine kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003.

Sheria nazo zimekuja. Kenya ilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na mpya ikachukua nafasi yake mwaka 2025. Katiba ya mwaka 2010 inaitaja breli kwa jina, sambamba na lugha ya ishara ya Kenya na lugha za kiasili, kuwa mambo ambayo dola inapaswa kuyakuza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazitaka nchi kuwapa mafunzo wataalamu na wafanyakazi wa ngazi zote za elimu. Ngazi zote ni pamoja na chuo kikuu.

Funzo kwa Vyuo Vikuu Vyetu

Hapa ndipo maisha ya Braille yanapotugusa. Mwalimu wa shule ya msingi au ya upili hupitia chuo cha ualimu. Mhadhiri, aghalabu, huajiriwa kwa sababu ya shahada yake na utafiti wake, na anaweza kufundisha hadi kustaafu bila kuambiwa hata mara moja namna ya kumfundisha asiyeona. Ni kama Bécheret: anampokea mwanafunzi kwa wema, kisha hajui la kufanya.

Tumfikirie mwanafunzi asiyeona atokaye Majengo au Shauri Moyo, apitaye Gikomba kila asubuhi kwa fimbo nyeupe akielekea chuoni. Njia ile ni ngumu: mitaro iko wazi, mitumba imetandazwa hadi barabarani, na watu wamesongamana. Lakini soko hilo lina sauti. Mwenye mkokoteni hupaza sauti kabla hajafika, mchuuzi hutangaza anachouza na bei yake, na mpita njia humshika mkono na kumvusha. Mwanafunzi huyo akiingia ukumbi wa mihadhara, hukuta kimya cha ubao. Katika somo la sintaksia, mhadhiri huchora mchoro wa matawi, kisha husema kwamba hii inatawala hii, na ile inashuka pale. Viashiria vyote hivyo havimwonyeshi kitu asiyeona. Lau mhadhiri angetamka kirai nomino na kirai kitenzi kwa majina yake, mwanafunzi huyo angeuchora mti huo akilini mwake sawa na wenzake.

Mafunzo yanayohitajika si ya miaka mingi. Mhadhiri afunzwe kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Afunzwe kutoa orodha ya vitabu mapema, kabla ya muhula kuanza, ili vigeuzwe breli au nakala za kompyuta kwa wakati. Afahamu kwamba programu zinazosoma kwa sauti haziwezi kusoma ukurasa uliopigwa picha tu, hivyo atoe maandishi halisi. Anayefundisha fonetiki ajue kwamba alama za kifonetiki zina breli yake. Msimamizi wa mtihani ajue kwamba muda wa ziada ni haki, si fadhila. Mkutubi, karani wa usajili na bawabu nao wasiachwe nje, kwa kuwa mwanafunzi hukutana nao kabla ya kumfikia mhadhiri.

Wapo watakaouliza ni nani atakayeyaandaa mafunzo hayo. Historia hii imekwisha kujibu. Barbier alishindwa kwa kutowauliza wenye haja, na Braille alifaulu kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwenye haja. Basi wanafunzi na wahitimu wasioona ndio wawe wakufunzi, si mifano ya kuonyeshwa. Vilevile, mafunzo yasiwe ya hiari kwa wachache wenye huruma. Nukta za Braille hazikurudi darasani kwa sababu mwalimu mmoja alizipenda, bali kwa sababu Guadet aliushawishi utawala, nao ukabadilisha amri yake.

Hitimisho

Louis Braille alifanya yote ambayo mwanafunzi anaweza kufanya. Alisoma kwa bidii, alibuni chombo, alikiandikia kitabu, alikifundisha, na hata alibuni njia ya kuwafikia wasiotaka kumfikia. Hata hivyo alingoja miaka 20, tangu 1824 hadi 1844, kabla ya mkuu wa shule yake kukitambua hadharani. Ndugu msomaji, chama chetu kina wanachama ambao karibuni watakuwa walimu, wahariri na wahadhiri wa Kiswahili. Alama 63 zinaweza kujifunzwa katika likizo moja, na idara zetu zinaweza kuanza na semina ya siku moja muhula ujao, ikiendeshwa na wenzetu wasioona. Asiyeona amekwisha kutekeleza sehemu yake ya kazi tangu karne ya 19. Iliyobaki ni yetu.